Alama za Nani? Historia Fupi ya Hukumu za Gemu

Kwenye kibanda cha PS mtaani, hukumu ya gemu hutolewa kwa sarafu. Gemu inayopendwa hulipiwa mechi baada ya mechi. Isiyopendwa hukaa tu ndani ya mashine hadi siku mwenye kibanda anaifuta apate nafasi ya nyingine. Hakuna anayeandika tisa juu ya kumi. Lakini huyo huyo mwenye kibanda, kabla hajatoa doo ya kununua gemu mpya, hufanya kile tunachofanya sote: anaingia mtandaoni kuangalia wamesema nini. Na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni namba.

Tumeizoea namba hiyo hadi tunaisoma kama uzito wa sukari kwenye mizani. Lakini ina umri wa miaka arobaini hivi tu, na katika miaka hiyo imebadilisha wenyewe mara kadhaa. Ilianza kama mlinzi wa mnunuzi, ikawa rungu la mwenye pesa, na siku hizi iko mikononi mwa umati. Kabla hujaiachia ikuamulie, ni vizuri ujue kila mara ilikuwa inamjibu nani.

Mbuzi kwenye gunia

Mwaka 1979, jarida moja la Marekani lililoitwa Video lilianza kuchapisha safu ya Bill Kunkel na Arnie Katz, "Arcade Alley", iliyochambua gemu za nyumbani. Kufikia 1981 wawili hao, pamoja na Joyce Worley, walikuwa wameanzisha jarida lao, Electronic Games. Mwaka huo huo Uingereza ikapata lake, Computer and Video Games.

Haja ilikuwepo. Gemu ya wakati huo iliuzwa ndani ya boksi lenye mchoro wa kuvutia kuliko chochote kilichokuwa ndani. Hukuweza kutazama video ya mtu akiicheza. Ulilipa, ukaenda nayo nyumbani, na ndipo ukajua kama umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mfano unaokumbukwa zaidi ni E.T. ya Atari, ya mwaka 1982. Howard Scott Warshaw alipewa wiki tano hivi kuitengeneza ili iwahi Krismasi. Watoto waliifungua, wakajikuta wanatumbukia kwenye mashimo, wanapanda, wanatumbukia tena. Mwaka 1983 Atari ilizika shehena ya katriji kwenye jaa la taka huko Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 wachimbaji walizifukua, E.T. ikiwemo. Gemu hiyo peke yake haikuliangusha soko la Marekani, lakini soko lilianguka mwaka huo huo wa 1983, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wanunuzi walikuwa wamechoka kuchezwa shere.

Uingereza, mambo yaliendelea. Mwaka 1984 katika mji mdogo wa Ludlow likazaliwa jarida la Crash, na mwaka uliofuata ndugu yake, Zzap!64. Wahakiki wa Crash wengi walikuwa vijana wa shule za hapo hapo mjini. Walicheza baada ya masomo, wakatoa maoni, na alama zikachapishwa kwa asilimia. Hebu fikiria: mtoto wa shule akimwambia mtoto mwenzake kama pesa yake ya mfukoni itapotea. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya alama.

Shida ya asilimia ilijitokeza upesi. Majarida yalizoea kutoa 80 na 90 hadi 73 ikawa kama tusi. Jarida la Amiga Power, lililoishi kati ya 1991 na 1996, liligoma. Lilisisitiza kwamba gemu ya kawaida inastahili 50, maana nusu ya mia ni nusu ya mia. Wauzaji wa gemu hawakufurahi. Japani nako, jarida la Famitsu lilipitia njia nyingine: wahakiki wanne, kila mmoja na kumi zake, jumla arobaini. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla gemu yoyote haijapata zote arobaini. Ya kwanza ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998.

Mtu aliyetaka kuongea na mashetani

Kuna hukumu moja ya zama hizo ambayo watu bado wanaicheka. Mwaka 1994 jarida la Edge la Uingereza liliipa Doom saba juu ya kumi. Doom, gemu iliyofundisha dunia nzima kukimbia na bunduki ukiona mikono yako tu! Mhakiki alilalamika kwamba kazi ni kufyatua risasi tu, akatamani kama angeweza kuongea na yale majitu, pengine ayafanye marafiki. Tangu hapo, ukitaka kumdhihaki mhakiki asiyeelewa aina ya gemu aliyopewa, unamtajia ile ya Doom.

Kicheko kina haki yake. Kila aina ya gemu ina ahadi yake, na huwezi kuilaumu gemu ya mbio kwa kukosa hadithi. Anayehukumu FIFA kwa kipimo cha Grand Theft Auto anapoteza wakati wake na wako.

Lakini mwaka 2015 Toby Fox alitoa Undertale, gemu ambayo unaweza kuongea na majitu, ukafanya nao urafiki, ukafika mwisho bila kuua hata mmoja. Watu waliipenda sana. Yule wa Edge alikosea alama, sawa, lakini alichokitamani kilikuwa kitu cha kweli, kikakaa miaka 21 kikisubiri mtu wa kukitengeneza. Saba yake imebaki kichekesho. Sentensi zake ndizo zilizozeeka vizuri. Uhakiki wa maana huwa hivyo: unaweza kukataa hukumu yake kabisa na bado ukaondoka na wazo.

Anayelipa mpiga zumari

Anayelipia jarida ni nani? Msomaji hulipa kidogo; matangazo ndiyo hulipa mishahara. Na matangazo ya jarida la gemu hutoka kwa wauza gemu. Mwaka 1988 Nintendo ilirahisisha mambo kabisa kwa kuanzisha jarida lake yenyewe, Nintendo Power. Angalau hapo ulijua uko nyumbani kwa nani.

Hatari kubwa zaidi ni pale usipojua. Novemba 2007, Jeff Gerstmann wa tovuti ya GameSpot aliipa Kane & Lynch: Dead Men sita juu ya kumi. Wakati huo huo tovuti yenyewe ilikuwa imepambwa kwa matangazo ya gemu hiyo hiyo, yaliyolipiwa na Eidos. Muda mfupi baadaye Gerstmann alifutwa kazi. Alikaa kimya kwa miaka, kisha Machi 2012 akasimulia hadharani: wauzaji walikuwa wakitishia kuondoa matangazo, na wakubwa wapya wa tovuti wakatetemeka. Sita, jamani. Hata sifuri haikuwa.

Kufikia wakati huo namba ilikuwa imepata mwenye mpya. Tangu 2001 tovuti ya Metacritic ilikuwa ikikusanya alama za wahakiki na kuzigeuza wastani mmoja kwa mia. Kwa mnunuzi hilo lilikuwa jambo la maana, maana mhakiki mmoja akihongwa, thelathini ni vigumu. Ila wenye makampuni nao waliona kitu: hatimaye ubora una tarakimu, na kitu chenye tarakimu kinaweza kuandikwa kwenye mkataba.

Ndivyo ilivyowapata Obsidian, studio iliyotengeneza Fallout: New Vegas mwaka 2010. Mmoja wa waandishi wake, Chris Avellone, alieleza mwaka 2012 kwamba walikuwa wameahidiwa bonasi ikiwa gemu itafikisha 85 kwenye Metacritic. Ilipata 84. Pointi moja! Watu waliofanya kazi kwenye gemu ambayo leo inatajwa miongoni mwa bora za aina yake walikosa bonasi kwa sababu mhakiki fulani, mahali fulani, aliamka vibaya akatoa saba badala ya nane. Hata mhakiki mwenyewe hakujua. Yeye alidhani anamshauri mnunuzi, kumbe anasaini mshahara wa mtu.

Kweli kwa nani?

Desemba 10, 2020, Cyberpunk 2077 ilitoka baada ya kusubiriwa kwa miaka. Siku chache kabla, uhakiki ulikuwa umejaa sifa. Kumbe kampuni, CD Projekt, ilikuwa imewapa wahakiki kopi za kompyuta peke yake, na hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Wenye PS4 walipoifungua walikuta gemu inayokwama, nyuso zinazoyeyuka, magari yanayotokea angani. Metacritic ilibaki na ushahidi: 86 kwa kompyuta, 57 kwa PS4. Wiki moja hivi baadaye Sony iliiondoa dukani kwake na kuanza kurudisha pesa. Ilirudi Juni 2021.

Hakuna mhakiki aliyedanganya hapo. Kwenye mashine zao, gemu ilikuwa nzuri. Lakini kweli ya mtu mwenye kompyuta ya bei ya gari si kweli ya mtu mwenye PS4 ya mtumba, na wachezaji wengi wa Nairobi ni huyo wa pili. Isitoshe, mwaka 2023 gemu hiyo ilipata sasisho kubwa lililoibadilisha karibu kila upande, na ile 86 ya mwanzo iko pale pale. Alama ni picha ya siku moja, kwenye mashine moja.

Umati unaingia

Kwa hivyo watu wakaamua kujihukumia wenyewe. Tangu Novemba 2013, duka la Steam limemruhusu mnunuzi kuandika maoni na kupiga dole juu au chini. Umati unaona yale wahakiki wasiyoonyeshwa. Septemba 30, 2021, Konami ilipotoa eFootball 2022, mrithi wa PES iliyolea kizazi kizima kwenye vibanda vyetu, nyuso za wachezaji maarufu zilikuwa kama vinyago vilivyoachwa juani. Haikuhitaji mtaalamu. Ndani ya muda mfupi ikawa gemu yenye maoni mabaya kuliko zote kwenye Steam, na Konami ikaomba radhi. Ilikuwa ya bure, lakini bure haikuiokoa.

Umati huo huo unaweza kuwa genge. The Last of Us Part II ilitoka Juni 19, 2020, ikapigwa sifuri maelfu kwa maelfu siku hiyo hiyo. Ni gemu inayochukua saa zaidi ya 20 kuimaliza. Wengi wa waliohukumu hawakuwa wamefika popote. Walikuwa na hasira na walichosikia kuhusu hadithi na wahusika wake. Mwezi uliofuata Metacritic ikaweka sheria: watumiaji wasubiri saa 36 kabla ya kutoa alama.

Kisha ikaja wikendi inayotuhusu sisi. Mei 2024, Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta watalazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation. Kwa mtu wa London hilo ni dakika mbili za usumbufu. Lakini huduma hiyo haijafunguliwa rasmi katika nchi nyingi za dunia. Afrika, ilikuwa Afrika Kusini tu. Mkenya aliyekuwa amelipia gemu yake kihalali angeambiwa hana mahali pa kujiandikisha. Maoni mabaya zaidi ya 200,000 yakamiminika Steam ndani ya siku chache, mengi yakiandikwa na watu waliokuwa wanaipenda gemu yenyewe, na Sony ikarudi nyuma. Hata hivyo mauzo yalifungwa katika nchi 177, Kenya ikiwemo, na kwa muda mrefu baadaye milango hiyo ilibaki imefungwa.

Si swali ambalo uhakiki wa kitaalamu ulizoea kuuliza Februari gemu ilipotoka: je, mtu wa Nairobi, Kampala au Dar ataruhusiwa kuicheza? Halikuwa swali lao.

Na maswali yetu ni mengi. Gemu inakula bando kiasi gani? Umeme ukipotea katikati, inakumbuka ulipofika? Inachezeka na watu wawili kwenye sofa moja, padi mbili, au kila mmoja lazima awe na mashine yake? Inapakia kwenye simu ya kawaida? Hayo ni maswali ya uhakiki kabisa, sawa na yale ya picha na sauti, na mtoto wa Ludlow wa mwaka 1984 angeyaelewa mara moja, maana naye aliandikia wenzake waliokuwa na pesa ya gemu moja tu.

Swali hilo linawagusa pia wanaotengeneza gemu hapa. Metacritic haitoi wastani hadi gemu ipate uhakiki wa wahakiki wanne. Steam haionyeshi hukumu hadi yafike maoni kumi. Andrew Kaggia alipotoa Nairobi X mwaka 2015, gemu ya kupigania jiji hili dhidi ya wavamizi kutoka angani, kazi ilikuwa imefanyika. Lakini gemu ya hapa isipohakikiwa na mtu wa hapa, haipati hata alama mbaya. Kimya ni hukumu pia, na ndiyo kali kuliko zote, kwa sababu huwezi kuikatia rufaa.

Kwa hivyo ukimaliza gemu mwezi huu, iwe ya mbio, ya mpira au ya kupanda mawele, andika aya tatu. Sema uliicheza kwenye mashine gani, pesa ilitoka mfukoni mwa nani, na kama ungeilipia tena. Namba ukitaka uiweke, ukitaka uiache.