Baiskeli: Fremu ya titaniamu au ya chuma?

Fremu ya titaniamu haishiki kutu, na metali hiyo ina uzito unaozidi kidogo nusu ya ule wa chuma cha ujazo uo huo. Hata hivyo, fremu nyingi za Marekani na Ulaya huuzwa kwa zaidi ya dola 2,000, bila magurudumu wala breki. (Madini ya titaniamu yaliyochimbwa Kwale hadi Desemba 2024 yaliuzwa ng'ambo yangali mchanga.)

Kwa msafirishaji wa viazi au maziwa anayeteremka kutoka Dundori hadi Lanet, bei si kikwazo pekee. Titaniamu huchomelewa ndani ya gesi ya agoni. Ikipatwa na hewa, kiungo huvunjika upesi. Black Mamba ya chuma, ingawa nzito, ikipasuka huungwa na fundi wa jua kali siku iyo hiyo.