Walipofungiwa Anga, Wakashuka Ardhini

Ndege za Japani zilishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, na mara serikali ya Marekani ikawaamuru wapenzi wa redio wenye leseni wazime mitambo yao. Wenzao wa Uingereza walikuwa wamekwisha kunyamazishwa tangu vita vilipoanza mwaka 1939. Mtu aliyezoea kukesha akibadilishana salamu za Morse na watu wa ng'ambo ya bahari alijikuta amekaa katikati ya chumba kilichojaa vyombo vizima, visivyoruhusiwa kutoa hata mlio mmoja hewani.

Hewani. Baadhi yao waliliangalia neno hilo mara mbili, wakatoka uani na nyundo. Wakapigilia vigingi viwili vya chuma, kimoja mbali na kingine, wakaviunganisha na kikuza sauti ambacho jana yake kilikuwa kikipiga santuri sebuleni, kisha wakaupitisha mkondo udongoni. Jirani aliyekuwa na hobi hiyo hiyo alipigilia vigingi vyake viwili, akaviunga na visikizi vya masikioni, akasikia. Haukuwa umbali wa kujivunia, lakini jarida lao la QST lilizichapa habari za majaribio hayo katika miaka ya vita, pamoja na michoro, kwa uzito ule ule liliowahi kuyapa mawasiliano ya kuvuka bahari ya Atlantiki.

Mchezo huo haukuwa mpya hata kidogo. Ulikuwa na umri wa karne nzima, na kila ulipofufuka ulifufuliwa na sababu ile ile: njia ya juu imefungwa. Safari hii ilifungwa na sheria. Kabla ya hapo zilikuwa mizinga, au bahari, au waya uliokatika.

Asili yake ni kosa lenye baraka. Mwaka 1838 Mjerumani Carl August von Steinheil alikuwa akijaribu kutumia reli za treni kati ya Nuremberg na Fürth kama nyaya za telegrafu. Reli zilimkatalia, kwa kuwa umeme ulivujia ardhini. Badala ya kulalamika, Steinheil aliona kwamba kama ardhi inaupokea mkondo kirahisi namna ile, basi itaurudisha pia. Tangu hapo telegrafu ikaendeshwa kwa waya mmoja tu, wa pili ukawa udongo wenyewe, na gharama za nyaya zikapungua nusu. Fundi umeme wa mtaani anayepigilia fimbo ya ethi nyuma ya nyumba na kuimwagia maji ya chumvi anaendeleza somo hilo, japo yeye anaitaka ardhi iumeze umeme wa hatari, si iupeleke mahali.

Mkondo ulioingia ardhini haufuati njia moja nyembamba. Unatawanyika kama maji yaliyomwagwa sakafuni, na mtu yeyote mwenye vigingi viwili anaweza kuchota sehemu yake. Mwaka 1882 waya wa baharini uliokuwa ukienda kisiwa cha Isle of Wight ulipoharibika, William Preece wa Posta ya Uingereza alizamisha mabamba ya chuma kwenye kingo zote mbili za mlangobahari wa Solent, akaitumia bahari yenyewe kama waya. Ujumbe ukavuka.

Kisha akaja mkulima wa matikiti. Nathan Stubblefield wa mji wa Murray, Kentucky, alisimama mbele ya umati tarehe 1 Januari 1902 akasafirisha sauti ya binadamu bila waya kati ya sehemu moja na nyingine ya uwanja wa mahakama. Mwezi Machi aliwaonyesha watu wa Washington jambo hilo hilo, akiwa ndani ya meli iliyoitwa Bartholdi kwenye mto Potomac. Siri yake ilikuwa fimbo za chuma ardhini na mabamba majini. Kampuni ikaundwa, hisa zikauzwa, kisha mambo yakaharibika, naye akajitenga. Mwaka 1928 alifariki peke yake katika kibanda, hohehahe. Murray bado unajinadi kama mahali ilipozaliwa redio. Kwa kipimo cha kitaalamu dai hilo halisimami, maana Stubblefield hakuwa akirusha mawimbi, alikuwa akisambaza mkondo. Lakini simlaumu mtu wa Murray anayelishikilia. Wiki chache tu kabla ya onyesho lile Marconi alikuwa bado anahangaika kunasa nukta tatu za herufi S kutoka ng'ambo ya Atlantiki, na mkulima huyu alikuwa akiongea.

Waliokuja kuijua ardhi kuliko wote walikuwa askari wa mahandaki ya Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyaya za simu zilizotandazwa nyuma ya mstari wa mbele zilikatwa na mizinga usiku, zikaungwa alfajiri, zikakatwa tena kabla ya chai. Redio za wakati huo zilikuwa nzito, na antena iliyochomoza juu ya handaki ilimwonyesha adui pa kulenga. Wahandisi wa Kifaransa chini ya Gustave Ferrié walirudi kwenye vigingi, wakauita mpango wao telegrafu ya udongo, kwa kifupi TPS. Kule mbele askari alitumia kifaa kidogo cha kutoa mlio wa zzz, Waingereza walikuwa nacho cha kwao, na mlio huo ulipita katika udongo uliochimbuka mashimo hadi kwa mwenzake wa nyuma, ambaye kikuza sauti chake chenye vali za kioo kiliuinua mpaka usikike. Kombora lingeweza kukata waya, lakini ardhi haikatiki.

Tatizo ni kwamba udongo hauna uraia. Zile simu za waya mmoja, ambazo ardhi ilikuwa waya wao wa pili, zilivujisha mazungumzo kuelekea upande wa adui, na Wajerumani walikuwa wamechimba vituo vya kudukiza walivyovipa jina la Moritz. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai 1916, siku Waingereza walipoanza mashambulizi ya Somme, kituo cha Moritz 28 karibu na kijiji cha La Boisselle kilinasa sehemu ya ujumbe wa jenerali wa Kiingereza akiwatakia askari wake heri. Askari wa Kijerumani waliomsikiliza walijua kwamba asubuhi kuna jambo. Waingereza waliotoka mahandakini kwenye eneo lile siku hiyo waliuawa kwa maelfu. Ujumbe ule haukuwa sababu pekee ya mauaji hayo, ila ndio mfano wa kutisha kuliko yote wa heri iliyopita njia mbaya. Afisa mmoja wa Kiingereza, A. C. Fuller, alikuwa tayari amebuni chombo kilichotumia mkondo mdogo mno na tulivu, kigumu kudukizwa, kikaitwa Fullerphone, na kikatumika sana mpaka vita vilipokwisha.

Katika shughuli hiyo hiyo ya kudukiza, Mjerumani Heinrich Barkhausen alikuwa akisikia kitu ambacho hakikutoka kwa binadamu. Katikati ya simu za adui zilipita sauti kama mluzi mrefu unaoshuka kutoka wembamba hadi uzito. Askari walisema ni mabomu yanayosikika yakiruka. Barkhausen aliandika habari hizo mwaka 1919, na jibu kamili lilikuja mwaka 1953, pale L. R. O. Storey wa Cambridge alipoonyesha kwamba ni sauti ya radi. Mpwito wa radi hupanda juu, hufuata mistari ya usumaku wa dunia mbali angani, na hushuka upande wa pili wa ikweta, huku masafa ya juu yakifika mapema na ya chini yakichelewa. Mtu aliyechomeka vigingi viwili kwenye tope la Ufaransa alikuwa, bila kujua, akisikiliza anga za juu. Na mpaka leo anayesikiliza masafa hayo Ulaya husikia pia mikwaruzo ya radi zinazopiga mbali sana, zikiwemo za bonde la Congo, mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani.

Marekani nako kulikuwa na mzee James Harris Rogers wa Hyattsville, Maryland, aliyefukia nyaya ndefu kwenye mifereji na kupata hataza zake mwaka 1919. Jeshi la majini lilizitumia kusikiliza stesheni za Ulaya. Watu walishangaa waya uliofukiwa unawezaje kusikia. Jibu ni kwamba katika masafa ya chini adui wa msikilizaji ni kelele za radi, na udongo unapoudhoofisha ujumbe unazidhoofisha na kelele kwa kadiri ile ile, kwa hiyo hakuna kilichopotea ambacho kikuza sauti hakiwezi kukirudisha. Harold Beverage aliufuata mkondo huo wa fikra akatandaza waya mrefu sana karibu na ardhi. Desemba 1921 Paul Godley, Mmarekani aliyetumwa na wapenzi wa redio, aliunyosha waya wa aina hiyo, zaidi ya mita 390, kwenye shamba lenye maji huko Ardrossan, Scotland, akakaa hemani akitetemeka kwa baridi, na akasikia stesheni za wenzake wa nyumbani. Wanaotumia antena ya Beverage hadi leo wanajua kichekesho chake: inahitaji udongo mbovu. Juu ya maji ya chumvi, yanayopitisha umeme vizuri, haifai kitu.

Vigingi navyo vinapenda udongo mbovu, kwa sababu inayofanana na hiyo. Mkondo ukizama kwenye kigingi kimoja na kuibuka kwenye kingine, unakuwa umechora kitanzi chini ya ardhi, na waya ulio juu ndio ukingo wa kitanzi hicho. Kadiri mkondo unavyozama ndivyo kitanzi kinavyokuwa kikubwa. Kwenye udongo wa kawaida, masafa ya kilohezi 9 huzama kama mita 50. Kwenye miamba ya kale isiyopitisha umeme, masafa ya hezi 76 huzama kilomita kadhaa. Ndiyo maana jeshi la majini la Marekani lilikwenda kwenye misitu ya Clam Lake, Wisconsin, na baadaye Michigan, likatandika nyaya juu ya miamba hiyo, likazichomeka ardhini kila mwisho, na kati ya 1989 na 2004 likaziita nyambizi zilizo chini ya bahari kwa hezi 76. Mamilioni ya wati yaliingia, na wati zisizofika kumi zikatoka kama mawimbi. Herufi tatu zilichukua robo saa.

Wapelelezi wa mapango waliupata ufundi huu kwa shida yao wenyewe, kwani mwamba huzuia redio za kawaida. Simu ya HeyPhone, iliyobuniwa na Mwingereza John Hey, hutumia kilohezi 87 na vigingi viwili vilivyoachana makumi ya mita, kimoja hata kikiwa kimelazwa kwenye dimbwi la pangoni. Mtambo unaofanana nao uliotengenezwa kwa ushirikiano na Wafaransa uliitwa Nicola, kwa jina la mpelelezi wa kike aliyekufa katika mafuriko ya pango la Gouffre Berger mwaka 1996. Watoto 12 na kocha wao walipokwama Tham Luang nchini Thailand mwaka 2018, HeyPhone zilikuwa kati ya mizigo ya Waingereza waliokwenda kusaidia.

Na wale wa uani? Wapo. Uingereza iliwapa wapenzi wa redio kilohezi 73 mwaka 1996, kisha 136 mwaka 1998, na mkutano wa kimataifa wa mwaka 2007 ukaieneza ruhusa hiyo ya 136 kwa wati moja tu. Katika masafa ya 136 wimbi lina urefu wa mita 2,200, na antena ya haki ingehitaji mlingoti ambao hakuna jirani angeuvumilia. Wachache wakashuka zaidi, chini ya kilohezi 9, ambako jedwali la kimataifa la masafa lilikuwa halijamgawia mtu yeyote kitu. Huko hakukuhitajika mnara. Mtu mmoja wa mashariki mwa Uingereza alitumia wati chache na vigingi viwili vilivyoachana kama mita 20, akaukamata ujumbe wake kilomita takribani sita mbali, kwa kitanzi cha waya na kompyuta. Hausikiki kwa sikio. Nukta moja ya Morse inavutwa kwa sekunde nyingi, dakika wakati mwingine, nayo kompyuta inachora mstari mwembamba kwenye skrini, katikati ya uvumi wa umeme wa majumbani wa hezi 50 na ndugu zake wote.

Mabishano yao makubwa ni ya bomba. Vijiji vya Ulaya vina mabomba ya maji ya chuma na nyaya za kila aina chini ya barabara, na mtu anapotangaza kwamba ameupeleka ujumbe kilomita nne kwa njia ya udongo, kuna mwenzake atakayeuliza kama si bomba la maji lililoubeba. Kwa hiyo wanatoka na vitanzi vyao, wanatembea kando ya barabara wakipima, kisha wanakata katikati ya shamba kusikotarajiwa kuwa na bomba, wanapima tena. Kando ya barabara mstari wa kwenye skrini huwa mnene. Shambani hufifia, na siku nyingine haupotei.