Chaja zisizo na waya: umeme unakopotelea

Chaja ya simu isiyo na waya hutumia kanuni aliyoigundua Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831: uga wa sumaku unaobadilikabadilika huzalisha umeme katika koili iliyo jirani. Koili ya chaja na ya simu zisipolingana, umeme mwingi hugeuka joto, nalo huchakaza betri kabla ya wakati wake. Ndiyo maana mfumo wa Qi2, uliotangazwa mwaka 2023, huishikilia simu mahali pake kwa sumaku.

La hatari zaidi ni sarafu au ufunguo uliosahauliwa katikati, kwani metali huweza kupata moto wa kuunguza. Simu huiarifu chaja kiasi cha umeme ilichopokea; chaja hukilinganisha na kilichotoka, na tofauti ikizidi hukata umeme. Si kila chaja ya bei rahisi iliyo na kinga hiyo.