Stakabadhi ya ghala la nafaka

Stakabadhi ya ghala ni hati ambayo mwenye ghala la umma huitoa kuthibitisha kwamba amepokea nafaka ya kiasi na daraja fulani, na kwamba atamkabidhi mwenye hati hiyo. Kwa kuwa huweza kuuzwa au kuwekwa rehani, hati hii huwawezesha wafanyabiashara kukopa benki kwa nafaka ambayo bado haijauzwa. Mfumo huu ulikomaa mjini Chicago, Marekani, katika karne ya 19.

Mwaka 1848 mji huo ulipata mfereji uliounganisha Ziwa Michigan na mto Illinois, reli yake ya kwanza, na soko la Chicago Board of Trade. Awali nafaka ilisafirishwa kwa magunia, kila mzigo peke yake. Maghala marefu ya mashine za mvuke yalichanganya nafaka ya watu wengi, na mwaka 1856 soko lilianza kuweka madaraja ya ngano. Hivyo mwenye stakabadhi hakudai tena mzigo wake mwenyewe, bali nafaka yoyote ya daraja lile.

Ilibaki hofu ya bei. Mahindi ya majira ya baridi yalingoja barafu ya ziwani iyeyuke, na huku bei ingeweza kuporomoka. Kinga yake ilikuwa mkataba wa kuuza baadaye, ambao soko liliuwekea kanuni mwaka 1865. Tuseme mfanyabiashara amenunua mahindi kwa senti 40 kwa busheli, na siku hiyohiyo akauza kwa senti 48 mkataba wa kukabidhi mwezi Mei. Bei ikishuka hadi 35, bado atapata 48. Ikipanda hadi 60, nyongeza hiyo si yake. Tofauti ya senti 8 hulipia ghala, bima na riba, na benki haina haja ya kubahatisha bei ya Mei.

Yote hayo yalitegemea nafaka kuwamo ghalani kweli. Sheria ya Illinois ya mwaka 1871 ilidai leseni na kuweka kikomo cha ada za ghala. Mwaka 1872 kampuni ya Munn & Scott ilifilisika, ikabainika kuwa ilitoa stakabadhi kuliko nafaka iliyokuwa nayo. Mwaka 1877, katika kesi ya Munn dhidi ya Illinois, Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha sheria hiyo.

Tanzania ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Maghala mwaka 2005, na mfumo huo unajulikana zaidi katika korosho. Stakabadhi pekee, bila mkataba wa baadaye, haimkingi mkulima bei ikishuka mazao yakiwa ghalani.