Ulezi wa Malipo na Mkono wa Sheria

Kazi chache zina siri kama ulezi wa mtoto mchanga. Anayelelewa hana ulimi wa kushitaki, anayelea hana shahidi wa kumtetea, na mama mwenye mtoto yu mbali kazini. Kwa hiyo swali la kama mwanamke anayepokea watoto wa watu nyumbani mwake kwa ujira alazimishwe kuandikishwa, kukaguliwa na kupewa leseni, lina uzito kuliko linavyoonekana katika karatasi za ofisi. Ndani yake mna jambo la nani awe jicho la mtoto mahali asipofika mama. Uingereza imelijibu swali hilo mara nyingi tangu mwaka 1872. Majibu yake, yaliyofaa na yaliyoharibika, yastahili kutazamwa na kila mtu anayepima jambo hili, maana yalinunuliwa kwa bei ghali: sheria za mwanzo zilitanguliwa na makaburi ya watoto.

Habari yenyewe yaanza kwa sheria nyingine. Mwaka 1834 Bunge lilibadili Sheria ya Maskini, na mzigo wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ukatwishwa mama. Mwaka 1844 mama aliruhusiwa kumshitaki baba mbele ya hakimu, lakini baba aliyeshindwa kesi hakutozwa zaidi ya shilingi 2 na nusu kwa juma. Mtumishi wa nyumbani aliyejifungua alifukuzwa, wala hakupokewa kwa bwana mwingine akiwa na mtoto mikononi. Njia iliyombakia ilikuwa kumtoa mtoto kwa mwanamke wa kumlea, ama kwa malipo ya kila juma, ama kwa fedha za mara moja. Malipo ya mara moja ndiyo yaliyokuwa na sumu. Mlezi akisha kuzitia mfukoni pauni zake chache, kila siku ya uhai wa mtoto ilimpunguzia faida. Waingereza waliipa biashara hiyo jina la kejeli, wakaiita ukulima wa watoto.

Kando ya biashara hiyo ulikuwapo ulezi wa namna nyingine, ulezi wa kutwa. Katika miji ya viwanda vya pamba ya Lancashire, mama aliyefanya kazi kiwandani alimpeleka mtoto alfajiri kwa jirani au kwa bibi kizee, akamchukua jioni. Miongoni mwa walezi hao walikuwamo wenye huruma na walikuwamo wavivu. Wako waliowatuliza watoto kwa dawa maarufu ya Godfrey, ambayo ilikuwa na afyuni ndani yake, na mtoto alilala mchana kutwa bila ya kuomba maziwa. Hata hivyo ulezi huu ulikuwa na kinga moja ambayo ule wa kwanza haukuwa nayo: jioni mama alimwona mwanawe. Aliyechanganya namna hizi mbili katika hukumu moja alikosea, na kosa hilo ndilo lililozaa ugomvi mkubwa baadaye.

Mwaka 1868 jarida la madaktari, British Medical Journal, chini ya mhariri wake Ernest Hart, lilianza kufichua biashara ya watoto. Mwaka 1870 polisi wa London walifuata nyuzi za matangazo ya magazetini mpaka nyumba moja ya Brixton, kusini ya mji. Humo walikuta watoto wachanga waliokonda, wamelazwa kwa dawa za usingizi. Mwenye nyumba, mjane aliyeitwa Margaret Waters, alihukumiwa kwa kifo cha mmoja wao, akanyongwa tarehe 11 Oktoba 1870. Taifa lilishituka. Magazeti yalidai sheria, na chama cha kulinda maisha ya watoto kikaundwa.

Mwaka 1871 mbunge William Charley alipeleka Bungeni mswada uliotaka kila apokeaye mtoto mchanga kwa malipo aandikishwe na kuchunguzwa, hata yule wa kutwa. Hapo wakainuka wapinzani ambao hawakutazamiwa. Hawakuwa wenye biashara ya watoto. Walikuwa wanawake watetezi wa haki za wanawake, miongoni mwao Lydia Becker, Elizabeth Wolstenholme na Josephine Butler. Walisema kwamba mswada huo ulitungwa na wanaume bila ya kuwauliza wanawake. Kwamba ungemtia polisi jikoni mwa maskini. Kwamba mama ana haki ya kumchagua mlezi wa mwanawe. Na kwamba jirani mwema, akitakiwa kwenda ofisini kuandikwa kama mshukiwa, ataacha kupokea watoto, na mama wa kiwandani atakosa pa kumweka mtoto. Zaidi ya yote walisema kwamba mzizi wa vifo ulikuwa ufukara wa mama na sheria iliyomwacha baba aende zake.

Katika mzozo ule kila upande ulishika nusu ya kweli. Madaktari waliiona maiti, nao hawakuweza kuivumilia. Wanawake wale waliiona njia iliyoifikisha maiti pale, nao walijua kwamba leseni haimpatii mama chakula wala haimrudishi baba. Lakini upande wa wanawake ulikuwa na upungufu wake. Haki ya mama kuchagua mlezi ni haki tupu ikiwa mlezi ni mmoja tu na mama hana fedha za kumtafuta wa pili. Na mtoto, ambaye ndiye mwenye kufa, hakushiriki katika kuchagua. Upande wa madaktari nao ulikuwa na upungufu: walidhani kwamba jina likiisha kuandikwa katika daftari, hatari imekwisha.

Sheria ya Ulinzi wa Maisha ya Watoto Wachanga ilipopita mwaka 1872, ilikuwa suluhu ya pande mbili, na kama suluhu nyingi haikumridhi mtu. Ilimgusa tu mlezi aliyepokea kwa malipo mtoto zaidi ya mmoja mwenye umri chini ya mwaka mmoja, kwa muda uliopita saa 24. Nyumba yake iandikwe kwa madaraka ya mji, na kifo cha mtoto kipelekwe kwa mchunguzi wa vifo. Walezi wa kutwa waliachwa nje, ili mama wa viwandani wasidhurike. Lakini sheria haikuwalazimisha wenye madaraka kutuma mkaguzi. Mlezi mbaya alipokea mtoto mmoja baada ya mmoja, na asiyepokea wawili kwa pamoja hakuvunja sheria. Walioandikishwa wakawa wachache mno, nao hawakuwa wale waliohitaji kutazamwa. Ndivyo ilivyo daftari lisilo na miguu: husubiri mkosefu aje mwenyewe kujiandika.

Miaka 24 ikapita. Mwaka 1896 maiti ya mtoto mchanga ilipatikana katika mto Thames karibu na mji wa Reading, na baada yake nyingine. Amelia Dyer, aliyekuwa akiwapokea watoto kwa fedha za mara moja kwa miaka mingi, alinyongwa mwezi Juni mwaka ule. Mwaka uliofuata, 1897, Bunge likaipa sheria miguu. Umri ukapandishwa hadi miaka 5, madaraka ya miji yakawajibishwa kuuliza na kutazama, na aliyepokea mtoto wa chini ya miaka 2 kwa fedha za mara moja zisizozidi pauni 20 akalazimika kutoa taarifa, hata kama mtoto ni mmoja. Hatimaye Sheria ya Watoto ya mwaka 1908 ilifunga mlango uliobaki: hata mlezi wa mtoto mmoja alitakiwa kutoa habari, na umri ukafika miaka 7.

Msomaji ataona kwamba katika mambo haya yote mlezi wa kutwa hakuguswa. Miaka 76 ilipita tangu 1872 kabla ya Bunge kumkumbuka, na lililomkumbusha lilikuwa vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali iliwahitaji wanawake viwandani, ikafungua vituo vya kulelea watoto zaidi ya 1,500. Vita vilipokwisha fedha zikapunguzwa, vituo vingi vikafungwa. Mama hawakuacha kazi wote, na watoto wakarudi kwa majirani. Ndipo mwaka 1948 ikatungwa Sheria ya Vituo vya Watoto na Walezi wa Kutwa. Mwanamke aliyepokea nyumbani mwake kwa ujira watoto zaidi ya wawili walio chini ya miaka 5, wasiotoka nyumba moja, alipaswa kuandikishwa kwa madaraka ya afya. Madaraka hayo yaliweza kumkataa asiyefaa, na kuweka masharti ya idadi, nafasi na chakula. Mwaka 1968 sheria ilikazwa, ikamhusu hata apokeaye mtoto mmoja asiye wa jamaa yake.

Je, sheria ilifika kwa mtoto? Mapema katika miaka ya 1970 Brian Jackson, mtafiti wa elimu, na wenzake walisimama njiani kabla ya mapambazuko katika mji wa Huddersfield, wakawatazama mama wakiwapeleka watoto kwa walezi. Waligundua ulimwengu mzima ambao daftari za miji hazikuujua. Wengi wa mama hao walikuwa maskini, na miongoni mwao walikuwamo wahamiaji wenye zamu za mapema na mishahara midogo. Jackson hakutaka walezi hao wawindwe. Aliona kwamba mlezi anayejificha hujificha kwa sababu ofisi haimletei kitu ila amri. Yeye na Sonia Jackson walieleza kazi hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1979, wakidai walezi wapewe mafunzo, vifaa vya kuchezea, na msaada. Tayari mwaka 1977 walezi wenyewe walikuwa wameunda chama chao cha taifa. Mahali walipopata kitu kwa kuandikishwa, walijitokeza.

Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 iliamuru ukaguzi wa kila mwaka, na mwaka 2001 ukaguzi wa Uingereza yenyewe ukahamishwa kutoka madaraka ya wilaya kwenda idara moja ya taifa, Ofsted. Sasa daftari lilikuwa na miguu mingi, na pengine likaanza kukanyaga pasipopasa. Mwaka 2009 askari polisi wawili wa kike, waliokuwa wakipokezana kuwalea watoto wao kwa zamu bila ya kulipana fedha, waliambiwa kwamba wanavunja sheria, kwa kuwa msaada wa mmoja kwa mwenzake ulihesabiwa kuwa ujira. Watu walicheka, kisha wakakasirika, na serikali ikatoa msamaha kwa marafiki wanaosaidiana hivyo. Woga walioutaja wanawake wa mwaka 1871 ulikuwa umetimia, ingawa baada ya miaka 138. Katika miaka hiyohiyo walezi wenyewe walipungua: mwaka 2012 walioandikishwa walikuwa zaidi ya 50,000, na mwaka 2023 hawakufika 30,000. Malipo haba yana sehemu yake katika upungufu huo, na wingi wa karatasi una sehemu yake.

Basi hukumu ya historia hii haiko upande wa wale wanaotaka ulezi wa nyumbani uachwe bila ya kutazamwa. Mtoto asiyeweza kusema anahitaji mtu wa pili wa kumtazama, na jirani peke yake hakutosha Brixton wala Reading. Aliye na haki ya kufunga mlango wake hana haki ya kuufunga akiwa na mtoto wa mwenzake ndani kwa malipo. Leseni, kwa hiyo, ni halali. Lakini leseni ni ahadi ya pande mbili. Taifa linalomtaka mlezi ajitokeze lapaswa kumfuata kwa mtu wa kumzuru, si kwa daftari peke yake. Limpe mafunzo kabla ya kumpa adhabu. Limwache jirani anayemsaidia jirani bila ya ujira. Nalo likumbuke kwamba mama huenda kwa mlezi mbaya pale anapokosa fedha za kumfikia mwema. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Sheria iliyokwenda mlangoni pa maskini mikono mitupu ilikuta mlango umefungwa, na nyuma ya mlango ule alikuwamo mtoto.