Okidi za Nyasa: Kutoka Kiazi cha Kuchimbwa hadi Mbegu ya Chupa

Mto Ruhuhu unaingia Ziwa Nyasa karibu na Lituhi, na hapo ndipo Milima ya Livingstone, inayoshuka kutoka kaskazini, inapokatika. Upande wa kusini unaanza ukanda mwingine wa milima, ule wa Umatengo. Uso wa ziwa uko takriban mita 474 juu ya usawa wa bahari, nao mwinuko wa milima hiyo unafika hata kupita mita 2,000. Anayepanda kutoka ufukweni huacha joto la mihogo na mpunga, hukatiza miombo, kisha hutokea kwenye nyasi za baridi na ukungu. Okidi ziligawana ngazi hizo zamani sana kabla ya mwanadamu kuzipa majina. Ansellia africana, yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa ya kahawia, ilijishikiza kwenye matawi ya miti ya miombo. Disa, Satyrium na Habenaria zilishuka ardhini, zikajiwekea akiba kwenye viazi vidogo, na kwa akiba hiyo zikaweza kuuvuka kila kiangazi na kila moto wa nyasi.

Binadamu wa kwanza kuzijali walizijali kama chakula. Katika nyanda zinazozunguka kaskazini ya ziwa, kuanzia Zambia na Malawi hadi Tanzania, viazi vya okidi vimechimbwa kwa vizazi vingi. Wabemba huvikausha, huvitwanga, huvichanganya na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha huvipika mpaka vigande na kukatwa vipande. Chakula hicho ni chikanda. Malawi kaskazini kiazi chenyewe huitwa chinaka. Jinsi ya kuchimba ilikuwa na athari yake. Mmea mmoja kwa kawaida huwa na viazi viwili: cha zamani kinacholisha shina la mwaka huu, na kipya kinachohifadhi uhai wa mwaka ujao. Mchimbaji hutaka kile kipya kilicho kigumu, na anapokitwaa mmea umekwisha. Maadamu uchimbaji ulikuwa wa kitoweo cha nyumbani, mbegu zilizopeperuka kutoka mimea iliyosalia zilitosha kufidia.

Wakati huohuo, mbali na hapa, mapenzi ya aina nyingine yalikuwa yakikua. Mwanzoni mwa karne ya 19 zilianza kufika Uingereza okidi za Asia ambazo petali yao ya chini imejikunja ikawa mfuko mfano wa ncha ya kiatu, jamii ambayo leo inaitwa Paphiopedilum. Afrika haina hata moja ya asili. Sababu mbili ziliufanya ufugaji wake uenee. Katika miaka ya 1830 sanduku la vioo lililobuniwa na Nathaniel Ward liliwezesha mimea kuvuka bahari ikiwa hai, na mwaka 1845 Uingereza ilifuta kodi ya vioo, hivyo vitalu nyumba vikawa rahisi kujenga. Gharama yake ililipwa na misitu. Wawindaji wa okidi walikata miti mizima ili kuchuma mimea iliyokuwa juu yake, na sehemu kubwa ya shehena ilioza melini kabla ya kufika bandarini.

Njia ya kutoka kwenye uporaji huo ilifunguliwa na ushauri wa tabibu. John Harris, daktari wa upasuaji wa Exeter, alimweleza John Dominy, mkulima wa bustani wa kampuni ya Veitch, kwamba chavua ya okidi moja inaweza kuhamishwa kwa mkono hadi kwenye ua la nyingine. Chotara wa kwanza wa Dominy, aina ya Calanthe, alichanua mwaka 1856. Mwaka 1869 alichanua chotara wa kwanza wa Paphiopedilum, aliyezaliwa na villosum na barbatum, akapewa jina Harrisianum kwa heshima ya daktari yule. Mwaka 1891 kampuni hiyohiyo ilichanusha Disa Veitchii, chotara wa aina mbili za Afrika Kusini. Msomaji aikumbuke tarehe hiyo: Disa ni jamii ileile ambayo viazi vyake vinachimbwa katika milima ya kwetu.

Kila kitalu nyumba kilizaa pia tatizo lake. Mimea iliyokusanywa chini ya kioo, penye joto, unyevu na hewa isiyotembea, ilitenganishwa na maadui wa asili wa wadudu wake. Vidung'ata, wadudu magamba na utitiri mwekundu waliosafiri ndani ya makwapa ya majani walifika mahali pasipo na wa kuwala. Wakulima wa enzi hiyo walijibu kwa moshi wa tumbaku uliofukizwa usiku kucha na kwa salfa, dawa zilizoua mdudu na kumdhuru mfukizaji pia. Wazo jingine lilitokea Marekani. Mwaka 1891 Albert Koebele alituma kutoka Australia hadi California mbawakawa mdogo aitwaye Cryptolaemus montrouzieri, mla vidung'ata, kwa ajili ya mashamba ya michungwa. Baadaye mbawakawa huyo aliingizwa pia kwenye vitalu nyumba.

Hapa Nyasa utawala wa Wajerumani ulikuwa ukijikita. Wamisionari Wabenediktini walianzisha Peramiho mwaka 1898, na wataalamu wa mimea waliwafuata wamisionari na askari kwa karibu. Walter Goetze alikusanya mimea katika nyanda za juu kaskazini ya ziwa mwaka 1899, na mwaka huohuo akafariki. Walter Busse alipita Ungoni mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote kwa upande wa okidi alikuwa mmisionari wa Moravian, Adolf Stolz, aliyeishi Kyimbila, Rungwe. Makusanyo yake yalichambuliwa Berlin na Rudolf Schlechter, ambaye mwaka 1915 aliipa jina Stolzia jamii ya okidi ndogo mno zinazotambaa kwenye kuvumwani za miti. Wabeba mizigo na vijana wa vijijini waliopanda miti hiyo na kuonyesha mahali mimea ilipo hawakupewa jenasi. Naliona hilo kuwa pengo katika kumbukumbu zetu, kwa maana macho ya kwanza yaliyozitofautisha okidi hizo yalikuwa yao. Kisha makusanyo yenyewe yaliteketea: usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliunguza hifadhi ya mimea mikavu ya Berlin, na okidi za Schlechter zikawa majivu.

Kati ya vita viwili vya dunia lilitatuliwa fumbo lililokuwa limewashinda wazalishaji tangu Dominy. Tunda moja la okidi linaweza kuwa na mbegu laki kadhaa, nyepesi kama vumbi, lakini mbegu hizo hazina akiba ya chakula. Mwaka 1899 Noël Bernard wa Ufaransa aligundua kwamba porini huota zinapoingiwa na kuvu maalumu anayezilisha. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alithibitisha kwamba kuvu anaweza kuachwa, mbegu ikapandwa ndani ya chupa safi kabisa yenye agari, sukari na madini. Tangu hapo uzalishaji ulitoka mikononi mwa matajiri wachache, na mtu mwenye chungu cha kuchemshia na mikono makini akaweza kuotesha okidi nyumbani kwake.

Ugunduzi huo haukufika Umatengo. Kilichofika chini ya utawala wa Waingereza kilikuwa, kwa mara nyingine, karatasi za kukaushia mimea. Hans Zerny wa Vienna alikusanya mimea na wadudu Umatengo mwaka 1935 na 1936. Mwaka 1955 na 1956 Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor wa bustani ya Kew waliizunguka wilaya ya Songea, ambayo wakati huo ilienea mpaka ziwani, wakafanya moja ya kazi za ukusanyaji zilizo makini kuliko zote nchini. Vielelezo vyao vilitumika katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilichotolewa kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012, ambamo okidi zilichukua juzuu tatu, za 1968, 1984 na 1989. Bila kazi hiyo tusingejua leo ni kipi kinachopotea.

Kwa upande wa wadudu, miaka hiyo ilikuwa ya DDT na jamaa zake. Paul Müller aligundua nguvu ya DDT mwaka 1939, na ndani ya miongo miwili wadudu wengi walikuwa wameizoea huku maadui zao wakifa. Utitiri mwekundu ulinufaika kuliko wote. Jibu lilikuja na okidi zenyewe: katika shehena iliyotoka Chile kwenda Ujerumani alikutwa utitiri mwingine, mwenye kasi, asiyekula jani bali anayewinda utitiri mwekundu. Mtafiti Dosse alitoa taarifa ya utitiri huyo mwaka 1958. Huyo ni Phytoseiulus persimilis, ambaye leo humwagwa kwa maelfu katika mashamba ya waridi ya Naivasha, Kenya.

Katika miaka ya 1980 vita ya namna hiyo ilipiganwa kwenye ufuko wetu. Kidung'ata wa muhogo, Phenacoccus manihoti, aliyeingia Afrika kutoka Amerika Kusini na kuonekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliifikia Malawi katikati ya muongo huo wa 1980, na muda mfupi baadaye akatokea upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa. Kwa watu wa Lituhi na Mbamba Bay, ambao muhogo ni chakula chao cha kila siku, vilele vilivyojikunja na mizizi iliyonyauka vilikuwa tishio la njaa. Watafiti walikuwa wamempata Paraguay kijinyigu, Anagyrus lopezi, ambaye hutaga yai ndani ya kidung'ata. Aliachiwa kwanza Nigeria mwaka 1981, kisha nchi baada ya nchi, na idadi ya vidung'ata ikashuka bila mkulima kununua dawa. Hans Herren, aliyeongoza mpango huo katika taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Sheria nayo ilikuwa ikijengwa. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini walio hatarini, ulitiwa saini mwaka 1973 na Tanzania ikajiunga mwaka 1979. Mwaka 1989 Paphiopedilum zote ziliwekwa kwenye kiambatisho cha kwanza, ikawa marufuku kufanya biashara ya mimea iliyong'olewa porini. Miche iliyooteshwa kwa mbegu na kusafirishwa ndani ya chupa zilizofungwa iliachwa huru, na hivyo mkataba ukaegemea upande wa mzalishaji.

Viazi vyetu havikupata kinga kama hiyo kwa vitendo. Mahitaji ya chikanda katika miji ya Zambia yalipokua na nyanda zake kuchimbwa hadi viazi vikaisha, wanunuzi walivuka mpaka wa Tunduma. Tim Davenport na Henry Ndangalasi walipochapisha uchunguzi wao mwaka 2003 walikadiria kwamba mamilioni ya viazi, baina ya milioni 2 na 4, vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kila mwaka. Kitulo, inayoitwa na wenyeji Bustani ya Mungu na yenye aina 45 za okidi, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nje ya mipaka yake jembe liliendelea.

Mkazi wa wilaya ya Nyasa au Mbinga anayetaka leo kufuga okidi anarithi yote hayo. Mwinuko unamchagulia mbegu: Lituhi, penye joto, zinafaa Paphiopedilum zenye majani ya madoadoa, mfano callosum na barbatum, na Mbinga juu zinafaa zenye majani ya kijani kitupu, kama insigne na villosum, zinazotaka usiku wa baridi. Anayeagiza chupa za miche kutoka nje anahitaji cheti cha afya ya mimea na kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa mwaka 2020. Akihamisha chavua, atasubiri miezi mingi tunda likomae, kisha miaka kadhaa mpaka ua la kwanza.

Katika kusubiri huko ndipo wadudu humpima. Kidung'ata huanza penye kona ya jani na shina, kwa utando mweupe kama pamba, na mara nyingi huletwa na kulindwa na sisimizi wanaolamba utamu wake. Kwa hiyo sisimizi ndio wa kuzuiwa kwanza: miguu ya meza itiwe kwenye makopo ya maji. Vidung'ata waliobaki hupanguswa kwa pamba iliyochovywa spiriti, na kazi hurudiwa kila wiki kwa sababu mayai hayafi yote. Kiangazi huleta utitiri, unaotambulikana kwa jani kupauka upande wa chini. Kuosha majani asubuhi huupunguza kuliko dawa nyingi. Masika huleta uozo wa bakteria, maji yakilala katikati ya majani usiku. Kisu kipitishwe motoni kabla ya kukata mmea wa pili, kwani virusi vya okidi havina tiba. Wapo watakaofikiria utupa, unaojulikana sana kusini kwa kuulia wadudu. Wakumbuke kwamba huulia samaki pia, na maji mengi ya hapa huishia ziwani.

Chupa ya agari inayootesha Paphiopedilum huotesha Disa pia, kama wazalishaji wanavyofanya kwa aina za Afrika Kusini. Mbegu za Disa na Satyrium za Umatengo hukomaa mvua zinapokwisha, na tunda moja lililochumwa kabla ya kupasuka linatosha kujaza chupa nyingi huku kiazi kikibaki ardhini. Kama ningeulizwa chupa ya kwanza Mbinga iwekwe mbegu gani, nisingetaja okidi ya Asia.