Jinsi ya kunyamazisha arifa za simu bila kukosa habari za dharura

SIMU ya kisasa hailii tu mtu anapopiga. Hulia pia ujumbe unapoingia, picha inapowekwa katika kundi la WhatsApp, duka linapotangaza bei mpya, na hata mchezo uliosahaulika unapomtaka mwenye simu arejee kuucheza. Milio hii yote huitwa arifa, na kwa wengi imekuwa kero kazini, ibadani na kitandani.

Kutokana na kero hiyo, baadhi ya watumiaji huamua kuzima sauti yote. Uamuzi huo una hatari yake. Simu iliyonyamazishwa kabisa haiwezi kutofautisha mzaha wa kundi na simu ya jirani anayetaka kuarifu kwamba mzazi ameugua ghafla kijijini. Mwenye simu huamka alfajiri na kukuta amepigiwa mara nyingi bila kujua. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kabla ya kunyamazisha simu ni kuamua ni nani anayepaswa kusikika hata wakati wa kimya.

Njia tatu za kunyamazisha simu nzima

Njia ya kwanza ni kuzima mlio. Katika simu za Android, hili hufanywa kwa kitufe cha sauti. Katika iPhone nyingi hufanywa kwa swichi iliyo ubavuni, ingawa kuanzia iPhone 15 Pro ya mwaka wa 2023 swichi hiyo ilianza kuondolewa na mahali pake pakawekwa kitufe cha kubonyeza. Mlio ukizimwa, skrini huendelea kuwaka na mara nyingi simu hutetemeka. Ikumbukwe kwamba mtetemo juu ya meza au benchi la mbao husikika na watu wote walio karibu.

Njia ya pili ni hali ya ndegeni. Hii hukata mawasiliano ya mtandao wa simu. Anayepiga huambiwa kuwa mteja hapatikani, na ujumbe mfupi, ukiwemo ule wa M-Pesa, hauingii hadi hali hiyo iondolewe.

Njia ya tatu ni hali ya Usinisumbue, ambayo katika simu zilizowekwa Kiingereza huonekana kwa jina 'Do Not Disturb'. Apple iliianzisha katika iPhone mwaka wa 2012, nayo Android ikaipa jina hilo katika toleo la 6 la mwaka wa 2015. Tofauti yake na njia mbili za kwanza ni kwamba inakubali kuwekewa masharti: nani apite, nini kilie, na kwa saa zipi.

Kuweka hali ya Usinisumbue

Katika simu nyingi za Android, mtumiaji huteremsha kidole kutoka juu ya skrini na kubonyeza alama ya duara lenye kistari katikati. Akiishikilia alama hiyo kwa muda, hufunguliwa ukurasa wa masharti. Aidha, ukurasa huo hupatikana kupitia Mipangilio, chini ya sehemu ya sauti au ya arifa. Majina na mpangilio hutofautiana kidogo baina ya Samsung, Tecno, Infinix na watengenezaji wengine, na katika baadhi ya matoleo mapya ya Android hali hii imewekwa pamoja na nyingine chini ya sehemu moja. Iwapo haionekani, njia rahisi ni kuandika jina lake katika kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio.

Katika iPhone, alama yake ni mwezi mwandamo. Tangu toleo la iOS 15 la mwaka wa 2021, imo ndani ya sehemu iitwayo Focus, ambayo humwezesha mtumiaji kutenga masharti ya kazini, ya usingizi na ya mapumziko.

Simu za aina zote mbili zinaweza kuagizwa kuingia katika hali hii zenyewe kila siku, kwa mfano kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ni muhimu kukumbuka kwamba simu huhesabu saa kwa mtindo wa Kizungu. Saa nne usiku huandikwa 22:00 au 10:00 PM. Anayekosea na kuweka AM atajikuta simu yake imenyamaza mchana kutwa.

Wanaoruhusiwa kupita

Sehemu hii ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, na ndiyo wengi huiruka.

Katika Android, mtumiaji huchagua iwapo simu zitakazolia ni za watu wote waliohifadhiwa au za wale tu waliotiwa alama ya nyota. Nyota hiyo huwekwa kwa kufungua jina la mhusika katika orodha ya nambari. Wazazi, mwenzi, mlezi wa watoto na jirani wa kijijini ndio wanaostahili kuanza. Katika iPhone, watu hao huchaguliwa ndani ya Focus. Isitoshe, tangu mwaka wa 2016 iPhone ina ruhusa ya dharura ambayo huwekwa kwenye jina la mtu mmoja mmoja, katika sehemu ya mlio, na humfanya mhusika asikike hata kama swichi ya kimya imewashwa.

Hata hivyo, nyota haiwezi kumsaidia anayepiga kutoka nambari isiyohifadhiwa, kama vile muuguzi anayetumia simu ya hospitali au msamaria mwema aliyeshuhudia ajali barabarani. Kwa hali kama hizo kuna sharti la wanaorudia kupiga. Likiwashwa, nambari ileile ikipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 katika Android, au dakika tatu katika iPhone, simu hulia. Ni vyema jamaa waelezwe mapema kwamba wakiwa na dharura usiku, wapige mara mbili mfululizo.

Sharti hili halifanyi kazi ikiwa mlio wenyewe umezimwa. Anayewasha Usinisumbue kisha akashusha sauti ya mlio hadi mwisho huwa amefunga mlango na dirisha kwa pamoja. Hata wenye nyota hawatasikika. Kwa hivyo, wakati wa kulala, mlio uachwe juu na kazi ya kuchuja iachiwe Usinisumbue.

Kunyamazisha programu moja moja

Wakati mwingine kelele hutoka kwa programu mbili au tatu tu. Katika Android, arifa ya programu hiyo inapoingia, mtumiaji huishikilia kwa kidole, kisha huchagua iwe kimya au izimwe kabisa. Tangu Android 8 ya mwaka wa 2017, programu moja inaweza kugawa arifa zake katika mafungu, hivyo kwamba matangazo ya biashara hunyamazishwa huku taarifa za akaunti zikiendelea kulia. Tangu Android 13 ya mwaka wa 2022, programu mpya hulazimika kuomba ruhusa kabla ya kutuma arifa. Kuikataa mapema ni rahisi kuliko kuitafuta baadaye.

Kwa upande wa WhatsApp, kundi linaweza kunyamazishwa kwa saa nane, kwa wiki moja, au daima. Wanachama wengine hawaarifiwi, na ujumbe huendelea kuingia. Kwa kundi la matanga au la harambee, wiki moja huweza kutosha. Vilevile, tangu mwaka wa 2023 WhatsApp inaruhusu kunyamazisha wapigaji wasiojulikana, lakini hatua hiyo haihusu simu za kawaida.

Mambo ya kuchunguza

Kengele ya kuamsha katika programu ya saa ya iPhone hulia hata katika hali ya kimya. Katika Android, kengele ina sauti yake pekee, lakini inaweza kuzuiwa iwapo masharti ya Usinisumbue hayairuhusu. Mwenye safari ya alfajiri ahakikishe kengele imeruhusiwa.

Pia, kunyamazisha si kuficha. Ujumbe wa pesa unaweza kuonekana kwenye skrini iliyofungwa hata bila mlio; kuuficha kuna mpangilio wake katika sehemu ya arifa. Na arifa zinapochelewa bila kunyamazishwa, chanzo huenda kikawa mpangilio wa kuokoa betri, ambao katika baadhi ya simu husitisha programu zisizotumika.

Baada ya kuweka masharti haya, yafaa yajaribiwe mchana. Washa Usinisumbue, kisha mwombe mmoja wa wenye nyota akupigie, na mwingine asiye na nyota apige mara mbili. Simu ikilia inavyotarajiwa, mwenyewe anaweza kulala akiwa na hakika kwamba wanaomhitaji kwa dharura watampata.